Siku Baba Alipowapokea Ng'ombe Wote

Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, najibu Mkula. Jibu hilo nimelitoa maisha yangu yote, mashuleni, hospitalini, kwenye ofisi za kila aina. Sikuzaliwa Mkula. Nilizaliwa upande wa Nkololo, katika kaya ya baba yangu iliyozungushiwa ua wa minyaa, nikawa mtu wa Nkololo hadi asubuhi moja ya kiangazi baba alipofanya kosa mbele ya zizi lake tupu. Tangu hapo nikawa mtu wa Mkula, kwa babu mzaa mama. Aliyeniuliza mimi napenda nini alikuwa mtu mmoja tu. Nilimjibu, na jibu langu halikusaidia kitu.

Siku hizo hapakuwa na mkoa wa Simiyu. Simiyu ulikuwa mto, ukijaa unazuia watu njia, ukikauka watu wanafukua mchanga kutafuta maji ya mifugo. Bariadi, wilaya yetu ya Nkololo, ilikuwa Shinyanga na Mkula ilikuwa Mwanza, kwa hiyo ukiangalia ramani wazazi wangu walioana mkoa kwa mkoa. Kwa miguu ilikuwa safari ya kulala njiani kwa ndugu, kesho yake ukafika.

Baba hakuwa msemaji. Maneno yake aliyaweka kwa ng'ombe. Alikuwa akiniita mayu, yaani mama, kama baba wengi wa Kisukuma wanavyowaita binti zao, na jioni ng'ombe wakirudi alinisimamisha kwenye lango la zizi nimtajie kila anayeingia: huyu mwekundu wa paji jeupe, huyu wa madoa ya kanga, huyu mweusi mtoto wa yule aliyevunjika pembe. Nikipatia hakunisifu. Alinipa kibuyu nikashika wakati yeye anakamua, na kwangu hiyo ilikuwa sifa ya kutosha. Sikuwa na kaka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na kabla ya mdogo wangu wa kiume kuzaliwa nilikuwa peke yangu, basi nikafundishwa mambo ya wavulana.

Sasa niseme na lile jingine, maana siwapendi watu wanaosimulia habari za baba zao huku wamezificha fimbo uvunguni. Baba alimpiga mama. Alimpiga tangu ninavyokumbuka, lakini ilikuwa mara chache, na majirani waliona ni mambo ya ndani. Ilizidi tulipohamishwa.

Kuhamishwa kwenyewe kulikuja wakati mtama ulikuwa bado unakaushwa. Serikali iliamuru kila mtu aache kaya yake aende kijiji cha ujamaa, kando ya barabara, watu wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji. Shule tuliipata, siwezi kukana, na mimi ndiyo iliyonipa mkate. Lakini paa letu liliezuliwa tukiwa tumekaa nje na masufuria, minyaa tukaiacha imesimama yenyewe ikizungushia majivu ya jiko. Kijijini nyumba zilipangwa mistari. Ng'ombe wa watu waliozoea kutawanyika wakarundikana mahali pamoja, majani yakaisha kabla ya mvua, kisha ukaingia ugonjwa. Walikufa wamelala ubavu, macho wazi. Baba alikuwa akiamka anakwenda zizini, anarudi anakaa kwenye kigoda bila kunawa uso, na mama akimwambia uji uko tayari ilikuwa kama amemtukana. Mwisho wa masika zizi lilikuwa na samadi tu.

Nyumbani kwetu mwanamume asiye na ng'ombe hana pa kuweka mikono. Baba aliiweka kwa mama. Siku aliyomvunja mkono, mama hakulia. Aliufunga kwa kitambaa na vipande vya mti, akaendelea kupika. Siku chache baadaye, mchana kweupe, baba akiwa kwenye shamba la kijiji, mama akamfunga mgongoni mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, akaniambia niangalie mlenda usiungue. Akatoka. Niliuangalia ule mlenda hadi kuni zikazimika, ndipo nikaelewa kwamba hakwenda kisimani.

Kwa nini aliniacha? Nilimchukia kwa hilo muda mrefu, na sababu nikaijua nilipokua. Mtoto anayenyonya hufuatana na mama yake bila neno. Lakini binti wa umri wangu kuondoka naye kabla wazee hawajakaa ilikuwa ni kumwiba, na babu angetakiwa kujibu.

Hapa ni lazima nieleze jambo la ng'ombe, vinginevyo mtu wa leo hataelewa kitu. Baba alipomuoa mama alipeleka ng'ombe Mkula kwa babu. Ndoa ikivunjika, ng'ombe hurudi. Lakini kama watoto wamezaliwa, hawarudi wote. Baadhi hubaki kwa babu kwa ajili ya watoto. Ng'ombe hao wanaobaki ndio wanaowafanya watoto wawe wa baba yao, wabebe ukoo wake, warithi zizi lake, wanyolewe siku akifa. Baba akiwachukua ng'ombe wote mpaka wa mwisho, ni kama hakuwahi kupeleka hata mmoja. Hapo watoto ni wa upande wa mama, na yeye hana lake. Kila mtu alilijua hilo, mpaka mimi niliyekuwa bado naota meno ya ukubwani.

Baada ya mama kuondoka tuliishi wawili, baba na mimi. Nilimpikia ugali uliojaa mabuje ya unga mbichi, akaula. Aliniuliza habari za shule. Hakunipiga. Jioni tulikaa mlangoni tukitazama zizi, na mara nyingine alianza kuwataja wale waliokufa, rangi kwa rangi, akisita ili nimalizie. Miezi hiyo nilikuwa na furaha, nasema kweli, na mama akiwa kwao na mkono uliovunjika. Mtoto ana roho ngumu kuliko tunavyodhani.

Babu alikuja kiangazi. Wazee wa kwetu walikwisha kualikwa, wamekaa kwenye vigoda nje ya nyumba. Kwanza tulisikia kengele ya shingoni, kisha tukaona vumbi, kisha vijana wa Mkula wakitokea barabarani na kundi. Babu alitangulia, mrefu, na koti lake zito ambalo halivuliwi jua wala mvua. Waliamkiana vizuri, mwangaluka kwa mwangaluka, kama watu wanaokutana mnadani.

Nilisimama langoni kwa mazoea. Nikaanza kuwataja moyoni walivyokuwa wakiingia, nikashangaa, maana niliowaona walikuwa ndugu wa ng'ombe wetu wenyewe: mapaji yale yale meupe, madoa yale yale. Kwa babu ugonjwa haukufika. Walikuwa wanang'aa. Baba alisimama kutoka kwenye kigoda, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu tuhame.

Mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa mshenga wa ndoa ile, aliwatazama mpaka wa mwisho. Akakohoa.

"Mbona umewaleta wote?" akamuuliza babu. "Watoto wapo wawili."

"Nimeleta walioletwa kwangu," babu akasema. "Na waliokufa kwa uzee nimejazia kwa uzao wao. Sitaki kusikia kwamba nimekula cha mtu."

"Hukudaiwa hivyo."

"Nimeleta. Mwenyewe aamue."

Yule mshenga akamgeukia baba. Alisema polepole, ili hata mjinga aelewe: "Mwanangu, tenga wa watoto. Mtamba mmoja kwa huyu binti, dume mmoja kwa yule mdogo, warudi Mkula leo hii hii. Waliobaki ni wako, hakuna atakayekuuliza."

Baba alikuwa hatazami watu. Alikwisha kuingia katikati ya kundi, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mwekundu.

"Hayo ni ya zamani," akasema. "Mwenyekiti wa kijiji alisema mkutanoni, nyote mlikuwapo. Mambo ya kupima mtoto kwa ng'ombe yamekwisha. Mtoto ni wa baba yake na wa taifa. Mahakama ipo."

"Mwenyekiti alikuwa anahutubia," mshenga akasema.

"Mahakama ipo."

Babu akavuta koti. "Umewapokea?"

"Nimewapokea."

"Wote?"

"Si unawaona wameingia zizini?"

Wazee wakatazamana. Babu akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu afike, akasema, "Chukua nguo zako, mjukuu wangu." Baba akaruka kutoka zizini akanishika bega, akasema huyu amekwisha kupita umri wa kunyonya, sheria mpya inampa baba, anayemtaka aende kwa hakimu. Babu hakubishana. Aliagana na kila mtu kwa mkono, akaondoka na vijana wake, bila ng'ombe na bila mimi, na hatua zake zilikuwa nyepesi kupita kiasi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Babu hakuwa mkarimu. Alijua baba ana njaa ya ng'ombe, akamletea meza imejaa. Na mtoto wa kike siku moja ataolewa, na ng'ombe wa mahari yake watakwenda kwa ukoo unaomhesabu. Babu alikuwa anapanda mbegu, na mbegu yenyewe ilikuwa mimi.

Baba naye, masikini, alifikiri anakula huku na huku: ng'ombe awapate kwa mila, watoto awapate kwa serikali. Sijui kama watu wa mahali pengine wangekosea hivyo. Wakati ule ulikuwa wa maneno mapya kila wiki, na mtu aliyepoteza kila kitu huchagua neno linalomfaa.

Kabla mvua hazijatulia, wale ng'ombe walikuwa wamekwisha kutoka zizini tena. Aliwapeleka kijiji cha pili akaoa. Mke mpya alikuwa msichana mpole, hakunikosea lolote, na aliogopa hata kunituma maji.

Mama akaenda kwa hakimu, kama baba alivyosema. Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja cha bati, ubavuni mwa ghala la pamba. Hakimu alikuwa kijana kutoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua kinywa. Pembeni walikaa wazee wa baraza, Wasukuma wenyewe, wamevaa makoti kama ya babu. Karani alitafsiri pale palipohitaji kutafsiriwa. Mama nilimwona kwa mara ya kwanza tangu ule mlenda. Alikuwa amempakata mdogo wangu kwa mkono mzuri. Ule mwingine ulikuwa umeunga kombo, kiwiko kinatazama nje. Alinitazama, akatabasamu kidogo. Mimi niligeuza uso.

Walizungumza mengi, juu ya kupigwa, juu ya talaka, na talaka haikuwa na ubishi. Kisha hakimu akaniita mbele. Alikuwa na sauti nzuri, sitamsema vibaya.

"Binti, wewe ungependa kukaa na nani?"

"Na baba."

"Kwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa kwa nini. Nikasema, "Ananiita mayu."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Baba alikuwa anatabasamu hadi magego. Mama aliinama akamfunga mtoto kitambaa kilichokuwa kimefungwa tayari. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi na silijutii. Nilikuwa mtoto na nilisema kilichokuwapo. Lakini kile kichwa cha mama kilichoinama nakiona mpaka leo.

Halafu mzee wa baraza mmoja akaomba kuuliza swali. Alimwita baba kwa heshima, kama mwanawe.

"Katika ng'ombe wa mahari, yupi amebaki kwa mkweo?"

Baba akatazama mlangoni.

"Yupi?"

"Hakuna."

"Alikunyima?"

"Aliwaleta wote."

"Na hapakuwa na mtu wa kukwambia utenge wa watoto?"

Mshenga alikuwa amekaa benchi la nyuma. Baba hakugeuka. "Niliambiwa," akasema.

"Basi kwetu wewe hukuoa," yule mzee akasema. "Huyu mama alikuwa mgeni wako tu. Na mgeni huondoka na watoto wake."

Baba akamgeukia hakimu, kofia mikononi. "Bwana Hakimu, sheria si imebadilika?"

Hakimu alikuwa anajipepea kwa faili. "Sheria inaniambia nitazame mtoto atatunzwa wapi vizuri," alisema. "Inaniambia pia nisikilize desturi ya watu wake. Desturi ni wewe uliyeitumia uliposhika ng'ombe. Sasa unataka nikuvulie ile uliyoivaa mwenyewe?"

"Nitawarudisha wa watoto. Hata leo."

"Wako wapi?"

Chumba kizima kilijua wako wapi. Mke mpya alikuwa nje, amekaa kwenye kivuli cha ghala, amebeba chakula chetu cha mchana. Baba alisema neno moja tu, "Nimeolea," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea.

Tukatolewa, mimi na mdogo wangu, tukapewa mama. Hakimu alisema baba anaweza kuja kututazama wakati wowote. Alieleza sababu nyingi, na nadhani zilikuwa sababu za haki: mtoto anayenyonya, mama aliyevunjwa mkono, nyumba yenye mke mwingine. Kama ningekuwa mimi hakimu ningeamua hivyo hivyo. Lakini watu walitoka pale wakisema jambo moja tu, kwamba baba amewauza wanawe.

Nje, baba alichuchumaa mbele yangu. Hakuwa mtu wa kugusa watu, akabaki anakunja na kukunjua kofia. "Nenda, mayu," akasema. "Nitakuja kuwakomboa. Nipe muda nipate ng'ombe."

Nilimwamini. Kule Mkula nilikuwa nikichota maji natazama barabara. Nilikataa kumzoea mama. Nilimjibu kwa mkato, nikala chakula chake kwa kununa, naye alivumilia bila kunikaripia. Babu alinipenda, alinipa maziwa mengi kuliko wajukuu wengine, na nilipojua ananinenepeshea nini hamu ya maziwa ikanitoka.

Na baba alikuja. Hilo wengi wa kwao hawakulijua, na ndiyo sababu naliandika. Alikuja baada ya mavuno ya pamba, anakokota mtamba mmoja kwa kamba, mwekundu mwenye paji jeupe. Alikuwa amekonda. Alisimama uani kwa babu jua la saa sita, kwa sababu hakukaribishwa kigoda, akasema amekuja kukomboa watoto wake, aanze na huyu, wengine watafuata.

Babu alimzunguka yule mtamba, akamtazama miguu na chuchu, akacheka. "Mmoja kwa wawili? Na huyu wa kike kesho keshokutwa anaolewa?"

"Ndiye niliye naye, baba."

"Mimi nilikuletea wote kwa siku moja. Sikukuletea mkia leo na pembe mwakani."

Baba akaniona mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu kwenye kanga, yaani nilizifunga tangu nilipomtambua kwa mwendo kule barabarani. Aliutazama ule mzigo, kisha akatazama chini. Mama alitoka jikoni na kata ya maji akampa. Alikunywa amesimama, na wakati anamrudishia kata macho yake yalitua kwenye kile kiwiko kilichounga kombo. Alimgeuza mtamba, akaanza safari ile ndefu ya kurudi, na mimi nikafungua ule mzigo nikatundika nguo mahali pake. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kumchukia mama, nikaanza kumchukia babu.

Sikumwona baba tena.

Alikufa miaka ambayo maduka yalikuwa matupu. Wenye umri wangu wanaikumbuka: sabuni ya magadi, sukari kwa kibali, dukani mizani imetundikwa na hakuna cha kupima. Habari ilitufikia kwa dereva wa lori la pamba. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule ya msingi, na mdogo wangu alikuwa anatosha kuchunga ndama. Mama alitufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akatusindikiza hadi barabarani. Mtalikiwa haendi msibani, basi yeye akabaki. Alisema tu, "Mkamlilie vizuri baba yenu."

Tulifika amekwisha kuzikwa. Sanda ilikosekana, wakamfunga shuka lake mwenyewe. Hilo nililisikia kwa wanawake waliokuwa wanachambua mchicha. Tulilala pale tukisubiri siku ya kunyoa. Kwetu, watoto wa marehemu hunyolewa nywele, wote, mkubwa hadi mdogo, na anayenyolewa ndiye mtoto. Baada ya hapo ndipo wazee huingia kuzungumzia zizi, nani apate nini. Hakuna mtoto anayeingia kwenye mazungumzo hayo na nywele zake kichwani.

Wembe ulikuwa mmoja. Baba mdogo, ndugu wa baba, alikuwa ameutafuta hadi Bariadi, na alikuwa ameushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai. Watoto wa mke mpya walikaa chini mstari mmoja, wadogo, wanalia kwa sababu maji yalikuwa ya baridi. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikaenda nikakaa mwanzo wa mstari, pale panapokaa mkubwa.

Baba mdogo alifika, akasita, akatupita. Akaanza na mtoto wa tatu.

Nilidhani atarudi. Nilikaa nimeinamisha kichwa namna ile ile mpaka mtoto wa mwisho alipomalizwa na wembe ukafutwa na kurudishwa kwenye karatasi yake. Ndipo nikasema, na nilisema kwa sauti kwa sababu nilirithi hasira ya baba, "Na sisi?"

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, vile vile alivyochuchumaa baba nje ya mahakama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mayu, ninyi mlirudishwa," akasema. "Ng'ombe wenu wote waliingia zizi hili, mimi niliwaona. Nikimnyoa huyu kijana leo, kesho atasimama kudai mali ya hawa wadogo. Nitawajibu nini wazee?"

"Hatutaki mali. Ninyoe tu."

"Hayo mambo mawili hayatengani," akasema. Kisha akainua uso akawaambia wanawake, "Wapeni wageni chakula, wana safari."

Nilikula kile chakula. Ningependa kusema nilikisukuma, lakini tulikuwa na njaa. Yule mke mpya, ambaye sasa alikuwa mjane na bado anaonekana msichana, alituwekea nyama bila watu kuona, akaninong'oneza kwamba baba alikuwa na mtamba mmoja, akakataa kumuuza hata wakati wa njaa. Mwekundu, mwenye paji jeupe. Nilimwona nilipokuwa natoka, amekuwa ng'ombe mkubwa, amesimama zizini na ndama wake. Nilimtaja kwa rangi kimoyomoyo, nikapita.

Tulifika Mkula asubuhi ya pili. Mama alikuwa anafagia uani. Aliona vichwa vyetu vyenye nywele zake zote, akaacha ufagio ukaanguka. Aliingia jikoni, akatoka na kibakuli cha maji na chupa tupu, akaivunja chupa kwenye jiwe la kusagia, akachagua kipande.

"Kaa," akaniambia.

Nilikaa. Mkono wake mzuri ulishika kigae, ule wa kombo ulishika kichwa changu, na kiwiko kile kilikuwa kinanigusa shavuni kila alipovuta. Alininyoa taratibu, tangu paji hadi kisogo. Kigae kilinikata mahali pawili, akapapangusa kwa kidole. Nililia kilio ambacho sikukilia kule kote, nacho kikamwamsha babu.

"Ulimpenda," mama akasema, na ndilo neno pekee alilowahi kulisema juu ya siku ile ya mahakamani. Kisha akamwita mdogo wangu, akamkalisha mahali pangu.

Babu alitokea mlangoni na koti lake. Alikuwa amezeeka, fimbo ndiyo iliyokuwa inamshika. Aliona nywele zetu chini, akaona kigae.

"Nani aliyekufa nyumbani kwangu mpaka watoto wangu wananyolewa?" akauliza.

Mama hakuinua uso. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimjibu babu. Alirudi kwake na mkono uliovunjika, akala ugali wake, akanyamaza. Alichovya kigae kwenye maji, akakiweka juu ya paji la mwanawe.

"Baba yao," akasema, akaendelea kunyoa.